Wastani wa gunia 12, wakati hakuna aliyevuna gunia 12

Kuna namba moja inatembea sana kwenye vikao huku kwetu Dodoma, ni ile inayoanza na "kwa wastani". Kwa wastani mkulima wa alizeti anavuna hivi, kwa wastani kaya ina watu kadhaa, mvua za mwaka huu zitakuwa za wastani, mwanao ana wastani wa 54. Watu wanaitikia kwa kichwa, kikao kinaendelea. Mi ni mweka hazina wa kikundi chetu cha wakulima, na jioni nafundisha tuisheni ya hisabati watoto wa mtaa wetu wa Nkuhungu, kwaiyo hii kitu nakutana nayo pande zote mbili, na kadri siku zinavyoenda nazidi kuona kwamba kuikokotoa mtoto wa darasa la sita anaweza kabisa, ila kujua ile namba inakwambia nini na inakuficha nini, hapo watu wazima wengi tunaachwa njiani, na hapo ndo pesa na chakula vinapopotelea.

Chukua wakulima watano wa alizeti kijiji kimoja. Wa kwanza kavuna gunia 4, wa pili 6, wa tatu 5, wa nne 7, na wa tano ana shamba kubwa na trekta, kavuna 38. Jumlisha zote unapata 60, gawanya kwa watu watano, wastani ni gunia 12. Hesabu iko sahihi kabisa, haina kosa hata moja. Sasa tafuta kwenye hao watano nani kavuna gunia 12. Hamna. Tafuta hata aliyekaribia, hamna. Wanne wako chini ya 8 na mmoja yuko mbali huko peke yake.

Wastani unajibu swali moja tu, nalo ni hili: mavuno yote yangemwagwa kwenye turubai moja alafu watu wakagawana sawa kwa sawa, kila mtu angeondoka na kiasi gani? Basi. Ukilishika hilo hutababaika tena na hii kitu maisha yako yote, kwasababu kila ukisikia wastani unajiuliza, je hapa kweli tunagawana sawa? Kama mnatafuta lori la kupeleka alizeti kinuni, ndio, gunia 12 mara watu 5 ni gunia 60, lori la gunia 60 litatosha, wastani umefanya kazi yake vizuri. Lakini kama mtu anakuja na mkopo wa pembejeo anasema kila mkulima atarudisha gunia 5 baada ya mavuno kwasababu "wastani wenu ni 12 mtabaki na 7 za kwenu", hapo hatugawani sawa, kila mtu analipa kutoka stoo yake mwenyewe, yule wa gunia 4 hana hata za kulipa na yule wa gunia 5 anatoa zote anabaki na maganda. Namba ni ileile, swali limebadilika.

Kwaiyo hapo unatumia mediani. Panga namba kuanzia ndogo kwenda kubwa: 4, 5, 6, 7, 38. Chukua ya katikati, ni 6. Nusu ya watu wako chini yake na nusu juu yake. Ukimwambia mtu mkulima wa katikati wa kijiji hiki anavuna gunia 6, umemchora mtu ambaye kweli yupo. Na huyo mwenye trekta hata angevuna 380, mediani ingebaki 6, haimuangalii kavuna kiasi gani, inaangalia tu kwamba yeye ni mtu mmoja na yuko upande wa juu. Wastani wenyewe ungeruka hadi gunia 80 na zaidi. Kama idadi ya namba ni shufwa, mfano ameongezeka wa sita mwenye gunia 9, unakuwa na 4, 5, 6, 7, 9, 38, za katikati ziko mbili, 6 na 7, unajumlisha unagawa kwa mbili, mediani ni 6.5. Wanafunzi wangu wengi wanajua hii ila wanasahau kupanga kwanza, wanachukua tu namba iliyokaa katikati ya mstari kama ilivyoandikwa kwenye swali, yaani unakuta mtu kaelewa kila kitu alafu kakosa maksi kwa kutokupanga.

Kuna hadithi ya kweli naipenda sana kuhusu hili na inafaa kabisa kwa sisi watu wa ng'ombe. Mwaka 1906 kule Plymouth Uingereza kulikuwa na maonyesho ya mifugo, watu wakanunua tiketi za kubahatisha uzito wa ng'ombe mmoja dume, atakuwa na kilo ngapi akishachinjwa na kuandaliwa. Mwanasayansi anaitwa Francis Galton akaziomba zile tiketi, zilizosomeka zilikuwa 787, akazipanga zote kuanzia ndogo mpaka kubwa na kuchukua ya katikati. Ilikuwa pauni 1,207, kama kilo 547. Uzito halisi wa yule ng'ombe ulikuwa pauni 1,198, kama kilo 543. Tofauti haifiki hata asilimia moja! Na kwenye hizo tiketi walikuwemo wachinjaji na wafugaji wazoefu lakini pia watu wa kupita tu ambao hawajui ng'ombe. Akaandika habari hiyo kwenye jarida la Nature mwaka 1907, na sababu ya kuchagua mediani ilikuwa kwamba kila mtu ahesabike kama kura moja, asitokee mmoja akaandika namba ya ajabu akawaburuza wote.

Hilo neno la kura moja lifikirie ukiwa mnadani Msalato siku ya Jumamosi. Unataka kuuza dume lako, unauliza watu watano wanalionaje. Mjomba anasema laki 7, mwingine laki 7 na nusu, mwingine laki 8, mwingine laki 8 na elfu 20, alafu anatokea dalali anayetaka umpe kazi anasema milioni na nusu. Wastani unatoka 914,000. Watu wanne kati ya watano wamekwambia chini ya hapo lakini ukiishika 914,000 kichwani utashinda juani mpaka mnada unavunjika. Mediani ni laki 8. Anza maongezi yako karibu na hapo.

Modi nayo nitaisema kwa kifupi kwasababu ni rahisi, ni namba inayojirudia mara nyingi kuliko zingine. Mwenye duka la mabuti ya mvua pale Majengo akiuza wiki nzima saizi 6, 7, 7, 8, 8, 8, 8, 9, 10, modi ni 8, na ndo saizi ya kuagiza kwa wingi. Wastani wa hizo namba ni kama 7.9, huwezi kwenda kwa muuzaji wa jumla ukamwambia nipe saizi 7.9. Na kwa vitu visivyo na namba kabisa, kama rangi ya kitenge au aina ya mbegu watu wanayoipenda, wastani hauwezekani, mediani haiwezekani, modi peke yake ndo inabaki. Namba zinaweza pia kuwa na modi mbili, au zisiwe nayo kabisa kama hakuna inayojirudia.

Sasa mvua. Hapa nataka nikae kidogo maana huku kwetu mvua ndo kila kitu. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, zote zinakuja kwa msimu mmoja, Novemba au Disemba mpaka Aprili. Tuseme 600 ili hesabu iwe nyepesi. Ukigawa kwa miezi 12 unapata milimita 50 kila mwezi. Hiyo namba haina kazi yoyote kwa mkulima, Julai na Agosti hapa ni upepo na vumbi hakuna hata tone, na Januari inaweza kunyesha zaidi ya mara mbili ya hiyo 50. Ukigawana sawa unapata mwezi ambao haufanani na Januari ya Dodoma wala Julai yake.

Alafu kuna utabiri wa msimu wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, wanaposema mvua zitakuwa "za wastani" au "wastani hadi chini ya wastani". Watu wengi tunachukulia kama kuna namba moja hivi imekaa ndo wastani, ukizidi hapo umezidi na ukipungua umepungua. Sio hivyo. Kinachoitwa mvua za wastani ni kuanzia asilimia 75 mpaka asilimia 125 ya wastani wa muda mrefu, na huo wastani wa muda mrefu unatokana na rekodi za miaka mingi, kawaida 30, na kipindi kinachotumika duniani sa hivi ni 1991 mpaka 2020. Weka kwenye ile 600 yetu: asilimia 75 ni 450, asilimia 125 ni 750. Yaani msimu wa milimita 450 na msimu wa milimita 750 yote miwili inaitwa ya wastani! Na mkulima anajua 450 na 750 ni maisha tofauti kabisa, kwenye 450 mahindi yanakuwa hatarini sana wakati mtama na uwele bado vinakupa kitu, kwenye 750 hata mahindi unaweza ukavuna vizuri tu. Utabiri haujakudanganya, umekwambia bendi, we ndo unatakiwa uangalie bendi yote alafu upande kwa kuangalia ule upande wa chini.

Na hata jumla ikiwa ileile bado haijamaliza. Misimu miwili inaweza kuwa na milimita 600 kila mmoja. Wa kwanza mvua imejigawa vizuri wiki kwa wiki. Wa pili zimekuja mvua kubwa chache Januari zikajaza makorongo zikaondoka na udongo, Februari jua kali wiki tatu mahindi yakiwa ndo yanatoa mbelewele, Machi ikanyesha tena mahindi yakiwa yameshakauka. Kwenye daftari la takwimu hiyo miaka miwili ni mapacha. Kwenye ghala mmoja umejaza na mwingine umeacha watu wananunua unga kwa sado. Ndo maana nawaambia wenzangu kikundini tukiandika mvua tuandike kwa tarehe, sio tu jumla ya msimu, na pembeni tuandike siku kavu mfululizo zilikuwa ngapi, wastani wa milimita hauwezi kukwambia hicho hata ukiukokotoa mara mia.

Kitu kingine kinachovuruga watu ni kujumlisha wastani mbili na kugawa kwa mbili. Mfano kikundi kimenunua mahindi Kibaigwa mara mbili, mara ya kwanza gunia 10 kwa elfu 60 kila moja, mara ya pili bei imepanda, gunia 40 kwa elfu 90. Mtu anasema tumenunua kwa wastani wa elfu 75, kajumlisha 60 na 90 kagawa kwa mbili. Hapana, gunia nyingi zimenunuliwa kwa bei ya juu. Pesa iliyotoka ni 600,000 na 3,600,000, jumla 4,200,000, gawanya kwa gunia 50, kila gunia limewagharimu 84,000. Mkiuza kwa elfu 80 mkidhani mna faida ya elfu 5, mnapoteza elfu 4 kwa kila gunia, laki 2 imeondoka na wote mnapongezana. Kanuni yenyewe ni kurudi kwenye jumla ya pesa na jumla ya gunia, kila mara, usijumlishe wastani na wastani ukagawa kwa mbili. Mashuleni iko hivohivo, mkondo A una wanafunzi 30 wenye wastani wa 60 na mkondo B wanafunzi 50 wenye wastani wa 52, wastani wa kidato kizima ni 55 sio 56.

Mwendo wa chombo nao ni ndugu yake huyo. Umeenda kijijini kilomita 60 kwa pikipiki mwendo wa 60 kwa saa, umerudi umebeba mzigo mwendo wa 30. Wastani sio 45. Umetumia saa moja kwenda na mbili kurudi, kilomita 120 kwa saa 3, wastani ni 40.

Na kugawanya kwa ngapi, hili linaonekana dogo ila lina madhara. Mama mwenye mgahawa anauza siku sita kwa wiki, Jumapili anafunga anaenda kanisani. Wiki nzima kaingiza 240,000. Wastani wa siku ni elfu 40 au elfu 34 na kitu? Zote ni sahihi, inategemea unataka kujua nini. Kama unapanga ununue nyama na mchele kiasi gani kila asubuhi ya kazi, gawa kwa 6, upate 40,000. Kama unataka kujua utaweza kulipa kodi ya fremu, kodi inahesabu na Jumapili, watoto wanakula na Jumapili, gawa kwa 7, upate kama 34,286. Siku uliyofungua ukauza sifuri inaingia kwenye hesabu kama sifuri, usiiruke kwasababu inauma. Ila mwanafunzi ambaye hakufanya mtihani kwasababu alikuwa amelazwa, yule hana sifuri, yule hana namba, ukimuweka sifuri umeushusha wastani wa darasa zima kwa kitu ambacho hakijatokea.

Ukiwa huna kalkuleta kuna njia moja nzuri mno ambayo wanafunzi wa sekondari wanaifundishwa alafu wanaiacha kwenye chumba cha mtihani, ya wastani wa kudhania. Umepima gunia sita za mahindi, kilo 102, 98, 105, 100, 97, 104. Usihangaike kujumlisha namba kubwa. Dhania wastani ni 100, alafu andika kila gunia limezidi au limepungua kiasi gani: zidi 2, pungua 2, zidi 5, sifuri, pungua 3, zidi 4. Jumla ya hizo ni zidi 6. Gawa kwa gunia 6 unapata 1. Wastani ni 100 kuongeza 1, kilo 101. Hata ungedhania 90 au 110 ungefika palepale, kazi tu ndo ingeongezeka. Mimi nikiwa kwenye mzani naifanya kichwani huku naongea na watu.

Namba za serikali nazo zisome hivohivo. Sensa ya 2022 ilihesabu Tanzania watu 61,741,120, na ukubwa wa kaya ukawa wastani wa watu 4.3. Hakuna nyumba yenye mtu 0.3, lakini kwa anayepanga visima na vyandarua hiyo ni namba nzuri kwasababu yeye anafanya kazi na jumla. Na Julai 2020 Benki ya Dunia ilipotuingiza kwenye nchi za kipato cha kati cha chini, ilitumia pato la taifa kwa kila mtu, lilikuwa dola 1,080 kwa mwaka 2019 na mstari ulikuwa 1,036. Watu wengi waliuliza mbona mi sizioni hizo dola. Ni swali zuri na jibu lake ni ile turubai, pato lote limemwagwa likagawanywa kwa kila mtu na mtoto mchanga akiwemo. Inapima ukubwa wa jumla. Nani kabeba gunia 38 na nani kabeba 4, hiyo namba haikutengenezwa iseme, kuna takwimu zingine zinazosema na ndo tunatakiwa tuzidai kwenye mikutano.

La mwisho ni lile ambalo wanafunzi wananiuliza kuliko yote. Mtu kafanya majaribio manne, kapata 58, 64, 61, 65, jumla 248, wastani 62. Anataka afikishe wastani wa 65 kwenye jaribio la tano. Wengi wanabahatisha 68, wanaona kapungukiwa 3 basi azidishe 3. Hesabu hivi: majaribio matano kwa wastani wa 65 ni 325, toa 248 alizonazo, anahitaji 77. Kwanini kubwa hivyo? Kwasababu yale manne kwa wastani kila moja lina deni la 3, jumla 12, na hilo moja la mwisho ndo linalipa deni lote la 12 juu ya 65 yake. Akitaka wastani wa 75 itabidi apate 127, haiwezekani mtihani una 100. Hii hesabu nawafanyisha kuanzia mwezi wa pili, kila mtu na maksi zake mwenyewe, wakati majaribio yaliyobaki bado ni mengi na deni linaweza kugawanywa.